Bwana akienda kazini kwa baiskeli, hofu hubaki nyumbani

Akina mama wengi wa mitaa ya Eastlands wanaijua saa ninayoichukia kuliko zote. Ni ile inayoanza bwana anapofunga lango na kupanda baiskeli, hadi atakapofika kazini. Kwangu mimi ni dakika arobaini na tano. Twaishi Umoja, naye ameajiriwa katika kiwanda kimoja huko Industrial Area.

Baba Neema hakuanza kuendesha baiskeli kwa kupenda. Miaka mitatu iliyopita daktari alimpima akamwambia ana shinikizo la damu, kisha akamshauri apunguze chumvi na afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Je, mtu anayeamka alfajiri na kurudi magharibi atazipata wapi? Baba Neema alizipata barabarani. Baada ya miezi kadhaa vipimo vilianza kushuka, na nauli ya kupanda matatu mara mbili kwenda na mara mbili kurudi ikawa inasaidia kulipa karo. Msomaji ataona kwamba sikuwa na haki ya kulalamika. Lakini baiskeli iliyomteremshia yeye shinikizo ilinipandishia mimi.

Basi nikawa napiga simu. Ikifika saa kumi na mbili, napiga. Asipoipokea, napiga tena. Nilidhani huko ndiko kumjali mtu. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, kukiwa na manyunyu na giza halijaisha, simu yangu ilimkuta karibu na Donholm. Alitia mkono mfukoni, baiskeli ikayumba, na matatu iliyokuwa ikimpita ikagonga usukani. Alivunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani, akakaa wiki sita mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Dereva hakusimama. Namlaumu hadi leo, lakini aliyepiga simu ni mimi.

Jamaa walipokuja kumjulia hali walileta shauri moja: baiskeli iuzwe. Nami niliunga mkono. Yeye alinijibu kwa upole tu, "Mama Neema, hizo pesa za baiskeli tutanunulia dawa."

Nilikasirika, lakini alikuwa na hoja. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, waliochunguza habari za Waingereza zaidi ya 260,000, walieleza kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliotumia gari au usafiri wa umma. Mwaka wa 2020 wakatoa matokeo mengine, na hapo ndipo nilipojiona nami sikuwa mjinga. Walikadiria kwamba watu 1,000 wakianza kwenda kazini kwa baiskeli kwa muda wa miaka 10, watu 26 zaidi watalazwa hospitalini kwa majeraha, ingawa visa vya saratani vitapungua kwa 15 na vifo kwa 3. Kwa hivyo bwana na bibi waliokuwa wakibishana mezani pale Umoja wote walikuwa wakisema kweli.

Lakini hizo ni hesabu za Uingereza, na Outering si Glasgow. Huku kwetu, barabara hiyo ilipopanuliwa iliwekewa njia za kando za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Piteni jioni mkaone: hapa mama wa mboga, pale viatu vya mitumba, mbele kidogo bodaboda wamesimama wakingoja abiria. Mwenye baiskeli hurudi katikati ya magari. Simlaumu mama wa mboga, kwani naye anatafuta riziki na hajapewa soko. Nalaumu Kaunti ya Nairobi, ambayo katika sera yake ya mwaka wa 2015 iliahidi asilimia 20 ya fedha za kujenga barabara zitumiwe kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Barabara ya Expressway ilifunguliwa mwaka wa 2022, kilomita 27, na baiskeli haikubaliwi kuingia. Sehemu kubwa ya hofu yangu ya asubuhi ni kazi ambayo mtu mwingine alilipwa aifanye.

Hata hivyo, yako tuliyoweza kufanya sisi wenyewe, na tuliyafanya usiku, baada ya watoto kulala, bila kupigiana kelele. Kwanza ni saa. Jua la Nairobi huchomoza baada ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, na miezi mingine hukaribia saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Yeye alikuwa akitoka saa kumi na mbili kasorobo, gizani. Alimwomba msimamizi wake aingie kazini nusu saa baadaye na atoke baadaye vilevile, akakubaliwa. Sikutarajia. Siku zinazokucha mapema hilo linatosha. Nyingine anaanza safari kabla hakujapambazuka vizuri.

Pili ni njia. Sasa anapitia Buruburu, Barabara ya Mumias South, ambako magari huenda polepole kwa sababu ya matuta na watoto wa shule. Ni mbali kidogo. Lakini mwendo wa gari ndio unaoua: Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na gari huongezeka takriban mara nne na nusu mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Taa nyekundu ya nyuma alinunua bila ubishi, na koti la kung'aa pia. Helmeti ndiyo iliyotuletea maneno, kwa kuwa alisema anafanana na abiria wa bodaboda. Huivaa, japo nashuku huivua akikaribia lango la kiwanda.

Tatu lilikuwa langu: nisipige simu. Yeye akifika huniandikia neno moja, "Nimefika."

Jumanne iliyopita neno hilo lilichelewa kwa dakika ishirini. Nilipasha chai moto mara mbili, na simu niliiweka juu ya kabati.