Saruji Ikikosekana, Fundi Hana Kazi

Mwezi Novemba 2020 saruji iliadimika katika mikoa kadhaa ya nchi yetu, na mahali pengine bei ya mfuko wa kilo 50 ikapita Sh. 20,000. Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliwaagiza wakuu wa mikoa wachunguze sababu. Walanguzi ndio walionyoshewa kidole kwanza, na ni kweli hawakosekani penye uhaba. Lakini mlanguzi hauzai uhaba. Huukuta, akanenepea humo.

Wenye umri wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980. Kiwanda cha Wazo Hill kilikuwapo tangu 1966, cha Tanga kilianza 1980 na cha Mbeya 1983, na bado mwananchi alisaka kibali ili apate mifuko michache. Kilichokosekana ni fedha za kigeni za kununulia vipuri na mafuta baada ya vita vya Kagera. Kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwafichua waliolundika bidhaa, lakini haikuwasha tanuri hata moja.

Leo viwanda vimeongezeka, kikiwamo kile kikubwa cha Mtwara kilichoanza 2015. Hata hivyo, tanuri moja likizimwa kwa matengenezo wakati miradi mikubwa inavuta saruji kwa maelfu ya tani, duka la wilayani ndilo hupata mwisho.

Tumezoea kuipima hasara hii kwa bei. Ingefaa tuipime kwa siku za kazi. Saruji isipofika, hasimami fundi mwashi peke yake. Anasimama mfyatua matofali, mchimba mchanga, mwanamke aponda kokoto, seremala wa kupaua, na mama anayewauzia uji. Hawa hulipwa kwa siku; kwao hakuna barua ya kuachishwa kazi wala kiinua mgongo, na siku iliyopotea haiandikwi popote.

Walimu wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000, fedha zilipelekwa shuleni na mafundi wa hapo hapo wakapewa kazi. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Lakini makadirio yalikuwa Sh. milioni 20 kwa darasa, liwe Kibaha au Ngara, na shule zote ziliingia sokoni kutafuta nondo, mabati na saruji katika majuma yale yale. Mnunuzi wa namna hiyo hupandisha bei kwa mkono wake mwenyewe, kisha mwalimu mkuu hubaki kuchagua kati ya deni na zege jepesi.

Hapana budi halmashauri ziagize kwa pamoja, moja kwa moja kiwandani, na kwa awamu zinazofuata msimu. Aidha, matofali ya udongo ya kufungamana, yanayohitaji saruji kidogo na ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi, yaingizwe katika ramani za nyumba za walimu. Mhandisi wa wilaya anayeyakataa aeleze sababu zake kwa maandishi.