Nesi wa kwenye gemu na nesi wa wodini (Sehemu ya 9)

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu uji wa lishe. Leo tuongee kuhusu gemu. Najua kuna waliokwisha kunja uso, lakini nisikilizeni kwanza.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 9. Likizo ya mwezi wa sita, Lushoto ikiwa na ule ukungu usioondoka mpaka saa nne asubuhi, mjomba wake alimwekea gemu la Pokémon kwenye simu yangu ya zamani. Lile la kwanza kabisa, la rangi mbilitatu tu. Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, nimekaa kitandani navua viatu, akaniuliza: "Mama, mbona nesi wa kwenye gemu anaponya wote hapohapo, na kwenu watu wanalala wiki nzima?"

Nilicheka. Halafu usingizi ukakataa kuja.

Usiku ule tulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nimonia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Siku chache nyuma alipewa dawa ya siku 5. Siku ya pili akachangamka, akaomba chakula, akacheza. Mama yake akaacha dawa, zilizobaki akaziweka kabatini "akiumwa tena zitamsaidia". Mtoto alirudi kwetu akiwa amebebwa kwenye bodaboda usiku, kwenye baridi. Tunashukuru alipona. Lakini nikajiuliza: huyu mama na mwanangu wana tofauti gani? Wote wawili wanaamini kwamba kuchangamka ndiyo kupona.

Basi nikaamua kukaa na mwanangu, nilicheze hilo gemu mwenyewe kabla ya kulisema. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwa wasiolijua: ni gemu la kuigiza uhusika, yaani mtoto anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi na anaamua mwenyewe aende wapi na afanye nini. Lilitoka Japani mwaka 1996 kwa ajili ya kile kimashine cha mkononi cha Game Boy. Aliyelibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa anapenda sana kukamata wadudu, na wazo likatokea huko. Mchezaji anaondoka kwa mama yake, anatembea mji hadi mji, anakamata viumbe wa ajabu, anawafundisha na kuwashindanisha. Viumbe wako 151, lakini unaotembea nao hawazidi sita.

Nianze na mazuri, maana yapo.

La kwanza, linasomesha. Hakuna mtu anayeongea mle ndani, kila kitu kimeandikwa. Ni Kiingereza, ndiyo, na mwanzoni mwanangu alikuwa anabonyeza tu. Tulipoanza kuandika maneno mapya kwenye daftari, akaanza kusoma kabla ya kubonyeza. Neno la "dawa ya sumu" kwa Kiingereza alilijua kwenye gemu kabla ya darasani.

La pili, linafundisha kushindwa bila kususa. Maji yanashinda moto, moto unashinda majani, majani yanashinda maji. Mwanangu alichagua kiumbe wa moto kwa sababu ni mzuri wa sura. Mpinzani mkubwa wa kwanza anatumia viumbe wa mawe, na moto hauwezi mawe. Alipigwa mara tatu. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili aliniambia, "Mama, ngoja nirudi nyuma nikajipange." Mimi mwenyewe kuna siku nakosa hiyo akili.

La tatu ndilo lililonigusa kama nesi. Karibu kila mji una hospitali yake na matibabu ni bure. Mchezaji mzuri hasubiri viumbe wake waanguke. Anawapitisha hospitali kwanza, ndipo anaendelea na safari. Kiumbe akiwa na sumu mwilini, kila hatua chache anapungua nguvu, hata kama hapigani na mtu, hata kama unatembea tu barabarani. Na wote wakizimia njiani, unajikuta umerudishwa hospitali na nusu ya pesa zako imekwenda.

Jamani, hayo si ndiyo maisha yetu? Mtoto ameharisha tangu juzi, tunasema "ngoja tuone". Anapungua hatua kwa hatua, sisi tunaendelea na shamba la viazi. Siku ya kuja hospitali tunakodi gari la gharama kutoka huko kwetu juu, kumbe juzi ilitosha nauli ya bodaboda na paketi za ORS na zinki kutoka zahanati. Kuchelewa kuna bei yake. Mtoto wa miaka 9 amelielewa hilo kwa kucheza, na mimi nimelisema kliniki miaka mingi watu wakiitikia "sawa nesi".

Sasa kasoro.

Ya kwanza ndiyo ile ya swali lake. Nesi wa kwenye gemu anapokea viumbe sita, muziki unalia sekunde chache, anakurudishia wote wazima. Hakuna dozi, hakuna kurudi kliniki, hakuna mama anayekesha kwenye kiti cha wodini. Mtoto anajifunza kwenda hospitali mapema, hilo zuri, lakini anajifunza pia kwamba kupona ni jambo la papo kwa hapo. Nilimwambia hivi: "Wale viumbe ni picha. Mwili wako ni kama shamba. Ukipanda leo huvuni jioni." Dawa ya siku 5 ni siku 5, hata mtoto akiruka sarakasi siku ya pili. Zinki ya kuharisha ni siku 10 hadi 14, hata choo kikishakuwa kizuri.

Ya pili, kuna mji mmoja wenye jumba la mashine za kamari. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza, ukipata nyingi unabadilisha kwa zawadi, na kiumbe mmoja wapo anapatikana humo. Ni zilezile tunazoziita dubwi, zinazomaliza hela za vijana wetu. Kwenye gemu la watoto! Watetezi watasema si pesa za kweli, na ni kweli. Ila raha ya kusubiri picha zilingane ni ileile, na mtoto hajui kuitofautisha. Hapo nilikaa naye, tukahesabu sarafu alizoingiza na alizopata. Alipoona hesabu, mwenyewe akasema, "Wanatuibia."

Ya tatu, linakula muda. Ili kiumbe akue inabidi urudie mapambano yaleyale, mara ishirini, mara hamsini. Hakuna kengele ya kukuambia inatosha. Hapa naungama: kosa lilikuwa langu. Nikitoka zamu nilikuwa nampa simu ili nilale. Akazoea, akawa anacheza mpaka saa saba usiku chini ya blanketi. Shule zilipofunguliwa, mwalimu akanipigia: mtoto analala darasani. Nilimgombeza, halafu nikakumbuka simu ile aliipata mkononi mwangu.

Ya nne, gemu lile lilitengenezwa ili watoto wakutane. Lilitoka kwa matoleo mawili, na kila toleo lina viumbe ambao lingine halina. Huwezi kuwapata wote bila kuunganisha mashine yako na ya mwenzako kwa waya mkabadilishana. Kwenye simu ya mwanangu hakuna waya na hakuna mwenzake. Amebaki na gemu, lakini urafiki umeachwa nje.

Kwa hiyo msimamo wangu ni upi? Silifukuzi gemu nyumbani. Ni zuri kuliko mengi ninayoona kwenye vibanda, halina damu wala matusi. Ila lina hadithi ndefu, na hadithi ndefu inataka mtu mzima wa kukaa karibu. Kwangu sasa ni nusu saa, sebuleni, baada ya kazi za shule, na simu inalala chumbani kwangu. Mdogo wake wa miaka 3 hachezi. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi.

Na Jumamosi nikiwa huru, tunafanya gemu letu. Tunapanda msitu wa Magamba na daftari. Yule Mjapani alianza na wadudu wa kweli, na sisi huku Usambara tuna kinyonga mwenye pembe tatu ambaye watu wanapanda ndege kuja kumtazama! Sheria ni kuangalia na kuchora, si kukamata. Hadi sasa daftari lina viumbe 14. Safari hii rafiki zake wawili wanakuja nao.

Mwisho nawaambia kitu kimoja nilichokiona mle ndani. Mchezaji akiwa mbali anatibiwa hospitali, lakini akirudi nyumbani akaongea na mama yake, viumbe wake wanapata nguvu palepale. Wachezaji wengi hawarudi, mama anabaki kule mwanzo wa hadithi. Mwanangu alirudi. Akaniita jikoni: "Mama, njoo uone, na wewe unaponya."

Basi tusiwaache peke yao na simu. Sehemu ijayo, Mungu akipenda, ni dalili za hatari za mtoto chini ya miaka 5. Kwa leo shikeni hizi tu: hanywi wala hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri. Ukiona hata moja, usisubiri kupambazuke.