USIWEKE REHANI PAA UNALOLALIA

Taa zikizimwa bwenini siku hizi, gumzo ni ploti. Huyu ananong'ona kuwa ardhi haiozi, yule anadai kuwa bei yake haishuki. Ati ukipata kazi tu, kopa, nunua, ngoja, uza, umetajirika! Mimi nasema polepole, ndugu zangu. Ardhi ni mali, sikatai, lakini deni ni moto.

Kijijini kwetu kulikuwa na jirani mwenye ekari 2 na nyumba nzuri ya mawe. Aliiweka rehani hati ya boma lake ili anunue ploti 3 kando ya barabara mpya. Ploti zenyewe hazikuwa na mpangaji wala mahindi, ilhali deni lilidai kulishwa kila mwezi. Mnunuzi aliyengojewa hakutokea. Aliyetokea ni dalali, na kilichopigwa mnada ni nyumba yenye watoto ndani. Mmoja wao tulikaa dawati moja shule ya msingi. Muhula uliofuata dawati lilikuwa langu peke yangu.

Hebu tupige hesabu. Ukikopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza ni kama shilingi 130,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000 kila mwezi, na mkopo wenyewe hujaugusa! Ploti tupu itazitoa wapi?

Najua wapo watakaoniuliza, "Asiyethubutu atapata lini?" Swali zuri. Wazazi wetu wengi wamepata ardhi kupitia vyama na SACCO, nami nawapongeza. Lakini tukumbuke kuwa ukishindwa kulipa SACCO, akiba ya wadhamini wako ndiyo hukatwa. Wengine humlipa muuzaji kidogo kidogo. Hapo pia pana hatari, kwani hati hubaki kwa jina lake hadi umalize, naye anaweza kuiuza tena kwa mwingine.

Sheria inajitahidi kutukinga. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mume au mke anayeishi katika nyumba ya ndoa atie sahihi kabla haijawekwa rehani. Mkopaji akishindwa, benki humpa ilani ya angalau miezi 3, kisha siku 40 kabla ya kuuza. Sawa, lakini ilani humchelewesha dalali tu, hailipi deni.

Basi ushauri wangu ni huu. Kwanza, nenda masjala ya ardhi ujue mwenye hati ni nani na kama inadaiwa. Pili, mwite mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka. Tatu, ikiwa ni shamba, pateni kibali cha bodi ya ardhi, kwani bila hicho mauzo huwa batili. Nne, na hili ndilo kuu, kama ni lazima ukope, ploti unayonunua ndiyo iwe dhamana ya mkopo wake. Mambo yakiharibika, utapoteza ploti na jasho lako, lakini jioni utarudi nyumbani.

Na tukienda likizo, tusione haya kumuuliza baba au mama, "Hati yetu iko wapi?" Tahadhari kabla ya hatari.