PageMaker Imekufa na Vitabu Vyetu

Zikitajwa programu za zamani za kupanga kurasa, wenzangu wa magazetini husifu tu. Eti PageMaker ya Aldus, iliyotoka mwaka 1985, ilitukomboa. Kweli. Ventura ikafuata 1986, QuarkXPress 1987, na mtu mwenye kompyuta moja mezani akaweza kupanga kitabu kizima.

Lakini mbona hatusemi tulicholipa? Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, ikatoa PageMaker ya mwisho 2001, huku ikitusukuma kwenye InDesign. Na InDesign ya leo haifungui faili la PageMaker! Mchapishaji asiye na nakala nyingine, akitaka kutoa kitabu upya, huenda akalazimika kuchapa neno kwa neno.

Kampuni ya Aldus ilichukua jina la Aldus Manutius, mchapaji wa Venice aliyefariki 1515. Vitabu vyake bado vinafunguka, tena kwa vidole tu.

Basi mwandishi, usikubali kupewa nakala za karatasi peke yake. Dai maandishi yako kwenye faili la kawaida, ambalo programu yoyote inalifungua. Dai leo, kabla mchapishaji hajabadilisha kompyuta.