Undugu ni kufaana, acheni dada zetu wajichagulie watu

Kila nikiweka video kuhusu wale wamama wangu watatu, lazima mtu aniulize: "Kwani wewe huna kwenu?"

Ninako kwetu. Niliporudi Chewele kutoka chuo mwaka wa pili, bila cheti, bila mpango, kwetu walinipokea. Chakula nilipewa, kitanda nilipewa. Lakini usingizi ulinikimbia. Saa kumi usiku niko macho, nahesabu mabati. Shangazi akasema ni jini. Mjomba akasema ni simu. Mamangu, Mungu ampe umri mrefu, alikuwa analilia karo iliyopotea, na mimi ningemwambiaje mtu anayelia kwamba kuna siku natamani nisiamke?

Aliyeniona ni mama wa mahamri pale stejini. Hakunipa mawaidha. Aliniambia tu, "Mwanangu, kesho alfajiri njoo unisaidie kukanda, mkono wangu unauma." Aki, mkono ulikuwa mzima! Nilikuja kujua baadaye. Nikaenda siku moja, nikaenda wiki nzima. Hapo karaini nikawapata wenzake wawili. Siku ya tatu nililia mpaka machozi yakaingia kwa unga, na hakuna aliyeshtuka.

Mmoja ni Mpokomo, mwingine Muorma, wa tatu wazazi wake walikuja Bura kutoka mbali, kulima kwenye skimu ya unyunyizaji. Kama wewe ni wa Tana River unajua uzito wa hiyo sentensi. Agosti 2012, upande wa Garsen, Wapokomo na Waorma walianza kuuana, na hadi mapema 2013 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa. Hao wamama wangeweza kubaki kila mtu na damu yake. Walichagua kuketi pamoja. Na mto ulipofurika 2024, ndugu zangu wa Mombasa na Nairobi walituma pole. Hawa ndio walibeba godoro letu.

Sasa msiniambie ni mambo ya wazungu. Pwani yetu msichana akivunja ungo alikuwa anapewa somo, mwanamke wa kumfunda na kumsikiliza, na kwa kawaida si mamake mzazi. Mabibi zetu walijua kuna maneno hayapiti kwa mama. Mama anakupenda, ndiyo, lakini anakuogopea, na mtu anayekuogopea utamficha. Sisi tulitupa hiyo desturi halafu tunashangaa wasichana wanalia chooni.

Na si hadithi zangu tu. Miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti walienda vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kule Uganda. Waliwaweka watu wenye sonona katika makundi, wanawake peke yao, wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na mtu wa kawaida wa huko huko aliyefunzwa kwa muda mfupi. Mwanzoni 86 kati ya kila 100 walikuwa na sonona. Mwishoni hawakufika 7. Wale ambao hawakuwekwa kwenye makundi, zaidi ya nusu bado walikuwa nayo. Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na siku maalum, na watu wanaokungoja.

Hapo ndipo nawakosoa na nyinyi wenzangu. Kuitana "sister" kwenye komenti si familia. Kundi la watu 40 kwa simu, ambapo ukinyamaza mwezi mzima hakuna anayegundua, si familia. Familia ya kuchagua ina siku na ina kazi. Ina mtu wa kugonga mlango usipotokea. Siri haitoki nje. Na ikizidi, wanakupeleka hospitali. Mimi wale wamama walinishika mkono mpaka mlangoni kwa daktari, juu waliona mahamri pekee hayatoshi. Usiogope polisi pia: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema ile sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na Katiba.

Wengine watasema nawafundisha wasichana kukimbia kwao. Wapi! Baada ya miezi kadhaa ya kukanda unga ndipo nikapata nguvu ya kuketi na mamangu nikamwambia ukweli wote. Siku hizi anakuja karaini Jumamosi. Haniulizi tena mambo ya karo.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Basi wewe unayesoma hii, kuna dada fulani umeona amenyamaza sana siku hizi. Usimuulize "uko sawa?", atakujibu yuko sawa. Mwambie mkono unakuuma, aje akusaidie.