Likizo kubwa Uvira: wanafunzi wa sayansi nao wapewe staji

Kila mwaka mwanzoni mwa Julai shule za Uvira hufungwa hadi Septemba. Ni likizo kubwa, miezi miwili ya kiangazi. Watoto wa familia zenye uwezo husafiri au hulipiwa masomo ya ziada. Wengine, nao ndio wengi, huuza ndagala na maandazi, hubeba mizigo, hulea wadogo zao, au hukaa tu nyumbani wakisubiri Septemba ifike.

Hakuna aibu katika kazi hizo. Kasoro iko kwingine. Mwanafunzi anaweza kusoma sayansi miaka yote ya sekondari mjini Uvira, akakariri viungo vya samaki kwa ajili ya mtihani wa taifa, na asiingie hata siku moja katika Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, kilicho katika mji huohuo anamoishi. Anasoma maji ubaoni, na ziwa liko pale chini ya barabara.

Na si ziwa dogo. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Lina jamii zaidi ya mia mbili za samaki aina ya sikilidi, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote. Ndiyo maana wageni hawakuacha kuja. Wabelgiji walileta msafara wao wa utafiti mwaka 1946 na 1947, na IRSAC, taasisi ya utafiti ya enzi ya ukoloni ambayo CRH ina asili yake ndani yake, iliundwa mwaka huohuo wa 1947. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaja Wajapani. Wanasayansi wa mbali wametunga vitabu kwa samaki wa Uvira. Kijana wa Uvira anabaki kuwajua samaki hao kwa bei yake sokoni.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kongo inajua vizuri maana ya staji. Mwanafunzi wa uuguzi hupelekwa hospitalini kabla ya kupata diploma. Wa ualimu husimama mbele ya darasa huku mwalimu wake akimtazama kutoka nyuma. Wa kilimo hushika jembe. Mwanafunzi wa sayansi humaliza bila kupelekwa popote, kana kwamba sayansi ni kazi isiyo na mahali pa kufanyiwa. Matokeo yake, akifaulu mtihani hutafuta udaktari au sheria, kwa sababu hajawahi kumwona mtafiti akiwa kazini. Mtu hawezi kutamani kazi asiyoijua.

Wakati wa kurekebisha hilo ni likizo kubwa, na ziwa lenyewe linaunga mkono. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kusukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini, upande wa Uvira na Bujumbura. Kule kusini maji baridi ya chini hupanda na kuleta rutuba. Upepo ukipungua, tabaka hizo za maji huanza kuyumba kutoka ncha moja ya ziwa hadi nyingine. Mwenendo huo unagusa chakula cha ndagala, na kwa hiyo sahani ya kila nyumba ya pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa ziwa kwa takriban asilimia 20, kiasi ambacho kinaweza kushusha mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30.

Kuna sababu nyingine ya karibu zaidi. Mwaka 2024 nchi nne za ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Wavuvi walilalamika, na walikuwa na haki ya kuuliza: je, samaki wameongezeka kweli? Swali hilo halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa kuhesabu na kupima samaki wanaotua mwaloni, siku baada ya siku, kabla na baada ya ziwa kufungwa. Mtoto wa mvuvi anayejua kutofautisha ndagala na lumbu kwa kutazama tu anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa na rula, mizani na daftari. Tena wakati huo mtumbwi wa baba yake umefungwa.

Anayedhani kuwa daftari ni kitu kidogo aangalie kipindupindu. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa kutoka London walichapisha utafiti kuhusu Uvira uliosomwa duniani kote. Walilinganisha kiasi cha maji ambacho Regideso ilisukuma kila siku na idadi ya wagonjwa waliolazwa katika kituo cha kipindupindu cha hospitali kuu, kati ya mwaka 2009 na 2014. Waligundua kuwa karibu asilimia 23 ya wagonjwa walioshukiwa kuwa na ugonjwa huo walihusiana na kukatika kwa maji ya bomba. Ushahidi huo ulianzia kwenye rejista zilizojazwa kila siku na wafanyakazi wa mtambo na wauguzi. Watu wa Uvira ndio walioandika tarakimu; wengine ndio walioziuliza maswali. Staji ya kiangazi ingemfundisha kijana kufanya yote mawili.

Mfano upo Afrika Mashariki. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na washirika wake wa Wellcome huwachukua vijana wa kaunti hiyo waliomaliza sekondari na kuwaweka miezi kadhaa pamoja na watafiti, maabara na ofisini, kabla ya kwenda chuo kikuu. Kilifi si kaunti ya matajiri. Wazo ni rahisi: utafiti unaofanywa juu ya miili ya watu wa Kilifi uwe pia na watoto wa Kilifi ndani yake. Kigoma nako, ng'ambo ya ziwa hilihili, Mradi wa Nyanza ulioongozwa na Profesa Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona uliwakutanisha kila kiangazi wanafunzi wa Marekani na wa nchi za ziwa, kila mmoja akiwa na swali lake la kuchunguza. Ule ulikuwa wa wanafunzi wa vyuo vikuu, na uliisha. Lakini ulithibitisha kuwa wiki chache za likizo zinatosha kumpa kijana kazi ya kweli.

Swali gumu ni nani ataingia. Uvira, nafasi ikipatikana, huenda kwa anayemjua mkubwa wa ofisi. Staji isiyo na malipo nayo huchagua kimyakimya: huchukua yule ambaye mama yake hahitaji msaada wake sokoni. Msichana wa Makobola au Swima hawezi kulipa usafiri kila siku wala kukaa mjini bila mwenyeji. Mtoto wa Kitwa, aliyeteremka kutoka nyanda za juu akikimbia mapigano, au mkimbizi wa Burundi aliyesomea kambi ya Lusenda, huenda hata tangazo lisimfikie. Kwa hiyo nauli na chakula cha mchana si hisani ya pembeni. Ndivyo vinavyoamua kama mpango ni wa wote au ni wa wachache walewale.

Katika mkoa ambao kabila limetumiwa kugawa watu hadi damu ikamwagika, namna ya kuchagua lazima iwe wazi. Tangazo lisomwe redioni, makanisani na misikitini. Jaribio lisahihishwe bila majina. Orodha ya waliochaguliwa ibandikwe hadharani, nusu yake wasichana, na nafasi zitengwe kwa shule za nje ya mji. Wapo watakaosema hiyo ni kupendelea. Mapendeleo yapo tayari leo, ila hayajaandikwa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya mpango huu ni vita. Bukavu ilitekwa na M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira yenyewe. Nani atawaza staji wakati familia zinavuka mpaka na magodoro kichwani? Hoja hiyo haiwezi kudharauliwa. Hakuna mtafiti wala mzazi mwenye akili atakayempeleka mtoto mahali penye risasi, na palipo na hatari kazi isimame. Lakini mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja kingo zake na kuua watu, hayakusubiri amani. Maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka iliyofuata na kuingia katika nyumba za Kavimvira hayakusubiri pia. Wala kipindupindu hakisubiri. Mji ambao kila mara huahirisha kuwafundisha watu wake hadi mambo yatulie utaendelea kuwategemea wageni, na wageni ndio wa kwanza kuondoka hali ikichafuka.

Fedha nazo hazihitaji kuwa nyingi mwanzoni. Kifaa cha kupima uangavu wa maji ni sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za mita; fundi yeyote wa Uvira anaweza kuitengeneza. Kipimajoto, rula, chombo cha kupimia mvua na makoti ya kuokolea maisha kwa kila anayepanda mtumbwi vinatosha kwa msimu wa kwanza. Kinachohitaji fedha ni nauli, chakula, na posho ya mtafiti atakayewasimamia, kwa sababu haifai kumwongezea kazi mtu ambaye tayari ana mzigo wake.

Wanafunzi kumi kwa wiki sita wangetosha kuanza. CRH itoe wasimamizi, idara ya elimu itambue staji hiyo kwenye karatasi za mwanafunzi, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura, iliyozaliwa na mkataba wa mwaka 2003, itafute wafadhili na kupokea takwimu. Mwisho wa Agosti vijana wasimame mbele ya wavuvi wa mwalo uleule walikopima, waeleze kwa Kiswahili walichokiona, na wavuvi wawaulize maswali. Mvuvi akimsikia binti wa jirani yake akieleza ndagala wa mwaka huu wana urefu gani kulinganisha na wa mwaka jana, atakuwa na cha kujadili mwakani ziwa litakapofungwa tena. Na binti huyo, Septemba ikifika, atarudi darasani akiwa na swali ambalo kitabu chake hakina jibu lake.