Kisiki cha paini kina mali tunayoichoma

Ukitoka Mafinga kuingia ndani ya Wilaya ya Mufindi wakati wa kiangazi, utaona moshi kwenye mashamba ya paini yaliyovunwa. Mkulima ameuza magogo, lori limeondoka, naye anachoma matawi na visiki ili apande upya. Wiki hiyohiyo atakwenda gereji na dumu kununua oili chafu ya kupaka nguzo za banda la ng'ombe.

Nimekulia kwenye nyumba iliyofanya hivyo, kwa hiyo simcheki mtu. Lakini oili iliyokwisha kutumika kwenye injini hubeba mabaki ya metali. Mvua ikinyesha hushuka kwenye udongo, na ng'ombe hulamba nguzo. Tunalipa fedha kuleta uchafu nyumbani, huku kinachoweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kinateketea shambani.

Ninachozungumzia ni lami ya paini. Si ile ya barabarani, ambayo hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Hii ni utomvu na mafuta ya mti yanayotoka kuni zinapopashwa moto mkali bila kupata hewa ya kutosha kuwaka.

Serikali ya Finland, iliyoshirikiana na yetu kuanzisha programu ya Panda Miti Kibiashara mwaka 2014 katika Nyanda za Juu Kusini, inatoka katika nchi iliyoishi kwa lami hii. Kwa karne kadhaa wakulima wao waliichoma msituni na kuisafirisha kwa mapipa hadi bandari kama Oulu, ikapakwa kwenye merikebu na kamba za Ulaya. Mwaka 1648, Finland ikiwa bado chini ya Sweden, biashara hiyo ilikuwa na faida kiasi kwamba kampuni moja ilipewa haki ya kuihodhi. Meli za chuma ndizo zilizoiangusha. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walitumia sifa, yaani mafuta ya papa, kulinda mbao zao.

Kuitengeneza kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji mtambo. Chukua debe lenye mfuniko, toboa tundu dogo katikati ya kitako, lijaze vipande vyembamba vya kiini cha kisiki vilivyosimamishwa na kubanana, kisha ziba mfuniko kwa udongo. Fukia kopo ardhini, weka debe juu yake tundu likielekea ndani ya kopo, ziba maungio, halafu koka moto kuzunguka debe. Kwanza yatatoka maji machungu, kisha lami ya rangi ya kahawia inayozidi kuwa nyeusi. Ndani ya debe utabakiwa na mkaa. Mvuke wake hushika moto upesi, kwa hiyo kazi hii ifanyike mahali palipofyekwa, mbali na nyumba na miti, na asiachiwe mtoto.

Ikipashwa joto kidogo na kuchanganywa na tapentaini (mbali na moto!), hupakwa kwenye mipini ya majembe, mikokoteni, milango ya banda na mitumbwi, na mbao hazinywi maji upesi. Wafugaji wa farasi wa Ulaya huipaka kwenye kwato, na sioni kwa nini punda wetu anyimwe. Kuku wanaodonoana hupakwa kidogo kwenye jeraha ili wenzao waliache. Kidonda kikubwa cha ng'ombe ni kazi ya bwana mifugo.

Sitamwahidi mtu kwamba mchwa watahama wilaya. Nguzo inayozama ardhini bado inahitaji mti mgumu au dawa ya kiwandani. Pia msikimbilie mkopo. Paini tunazovuna zikiwa na miaka 8 au 10 hazina utomvu mwingi. Lami nzuri hutoka kwenye visiki vya miti mikubwa, vilivyokaa miaka kadhaa ardhini hadi sehemu ya nje ikaoza na kubaki kiini chekundu chenye kunata. Kung'oa kisiki kama hicho kwa jembe na shoka kunaweza kula siku nzima, na hapo ndipo hesabu nyingi za biashara hii zitakapokwama. Anayeng'oa visiki kwa sababu anataka kulima viazi ameshalipa gharama hiyo. Huyo ndiye wa kuanza.

Aanze na nguzo 15 za uzio. Tano azipake lami, tano oili chafu, tano aziache kavu, na aandike tarehe kwenye daftari. Misimu mitatu ya mvua ikipita, atakuwa na majibu ya shamba lake mwenyewe, na mimi nitaomba kuliona daftari hilo.